Jinsi ya kusoma habari ya mazingira kwenye gazeti la eneo lako

Kabla hujaamini kichwa cha habari angalia kwanza nani kapewa nafasi ya kuongea, maana mara nyingi utakuta ni afisa na msemaji wa kiwanda tu, mvuvi anayeshinda kwenye mto unaozungumziwa hata hatajwi. Halafu cheki ukurasa. Watafiti wa vyombo vya habari McCombs na Shaw walionyesha mwaka 1972 kwamba wasomaji huona muhimu kile ambacho vyombo vya habari vimekipa uzito, sasa habari ya moshi wa kiwanda ikizikwa ukurasa wa 14 wengi wataichukulia poa. Matangazo ya pembeni nayo usiyaruke, hapo ndo penye utamu, utaona nani analilipa gazeti! Mafuriko yanapata picha kubwa siku moja, mitaro iliyoziba miaka yote kimya, so chimba matoleo ya nyuma ulinganishe.