Kuchapa picha ndogo kwa boksi la juisi

Boksi la juisi au la maziwa yale ya kukaa muda mrefu usilitupe, ndani lina foili inayong'aa na hapo ndo tunapochora kwa kukwaruza, tunajaza wino kwenye mikwaruzo, kisha tunakandamizia karatasi picha ihamie huko.

Hatua ya 1. Fungua boksi kwenye mishono likae bapa, lioshe na sabuni (la embe lioshe mara mbili, sisimizi hawana adabu) afu kata kipande cha kama sentimita 10 kwa 14 pasipo na mikunjo, maana kila mkunjo unashika wino na utatokea kwenye picha kama mstari ambao hukuuchora. Kona zizungushe kidogo na mkasi zisichane karatasi.

Hatua ya 2. Chora upande wa foili kwa sindano au ncha ya bikari ya shule. Kwaruza tu, usitoboe. Ukitaka sehemu nyeusi kabisa, pitisha wembe kwa wepesi kuzunguka umbo, inua foili kwa kucha uibandue, ile karatasi ya chini ina manyoya manyoya na inakunywa wino balaa. Mi nilichora jahazi, tanga nikaliacha na foili yake likatoka jeupe, mwili nikaubandua ukatoka mweusi tii. Jina la jahazi nililiandika kwa mwandiko mzuri kabisa likatoka kinyume, kila kitu kinageuka bana, kwa hiyo maandishi yaandike kinyumenyume na uyakague kwenye kioo.

Hatua ya 3. Loweka karatasi ya kuchorea, ile ya uzito wa gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba, kama dakika 10, halafu ikandamize katikati ya taulo. Iwe na unyevu ila isimeremete maji.

Hatua ya 4, hapa ndo wengi wanaharibu. Tumia wino mzito wa mafuta, waulize wanaochapisha kadi za harusi wakupimie kidogo, akriliki itakukaukia hata hujamaliza kufuta. Paka kwa kipande cha kadi uingie kwenye mikwaruzo yote, kisha futa kwa pazia la neti lililokunjwa kama donge, kwa kuzungusha mkono bila kukandamiza. Malizia na gazeti: lilaze bapa, weka kiganja juu, telezesha. Usilikunje, likiingia kwenye mikwaruzo linaukomba wino wote unabaki na picha ya ukungu. Foili ikianza kung'aa kwenye tanga na mistari bado imeshiba, acha. Mkono unatamani kuendelea, we acha.

Hatua ya 5. Laza boksi wino juu, karatasi yenye unyevu juu yake, afu kipande cha blanketi jembamba, pitisha vyote kwenye mashine ya tambi ya mkono, ile ya rola mbili. Anza rola zikiwa wazi uzibane taratibu mpaka mpini uwe mgumu kidogo kuzungusha. Mashine hiyo ndo imeshahama jikoni, usiirudishe. Huna? Sugua kwa mgongo wa kijiko, picha itakuwa hafifu ila inatoka.

Inua karatasi kuanzia kona moja polepole. Unapaka wino upya kila chapa, na boksi moja linakupa kama chapa 10 kabla mistari haijalala. Zikaushe katikati ya magazeti chini ya vitabu vizito, na mikono anza na mafuta ya kupikia ndo uje na sabuni, ukianza na maji utasugua mpaka kesho.