Bolti za ethi kwa sola za pwani

Hapa Jambiani kusi likivuma, chumvi inapanda mpaka juu ya paa. Juzi nimefungua bolti ya ethi, yaani ile inayofunga waya wa kupeleka umeme ardhini, kwenye fremu ya alumini ya sola; bolti yenyewe ilikuwa ya chuma cha mabati, ikamegeka mkononi kama biskuti. Pale waya wa shaba ulipogusa alumini pamejaa unga mweupe: shaba na alumini zikikutana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo nunua lagi (kichwa kinachobanwa mwisho wa waya) ya shaba iliyopakwa bati, na bolti za chuma kisichoshika kutu zenye alama A4 kichwani. A2, isiyohimili chumvi kama A4, waachie watu wa bara. Washa iwe ya meno, ikwaruze ngozi ya juu ya alumini ya fremu, maana ngozi ile haipitishi umeme. Tumia tundu lenye alama ya ethi, usitoboe jipya. Ukishakaza, pima ukinzani kwa mita, kati ya fremu na waya wa ethi. Mimi nataka chini ya omu 1.