Kabla mvua hazijajaza lambo

Kiangazi kikikolea, lambo la kijiji husahaulika. Tope limekauka na kupasuka vipande, ng'ombe wanashuka hadi katikati kufuata kidimbwi kilichobaki, na tuta, ule ukuta wa udongo unaozuia maji, hakuna anayelitazama. Hizo ndizo wiki za kulikagua, maana kila kitu kiko wazi. Dodoma, Singida na Shinyanga, ambako mvua huanza Novemba hivi, kazi hiyo iishe ndani ya Oktoba. Kwenye mvua za masika, isivuke Februari.

Wapo wanaoamini kwamba bwawa dogo haliui. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa la udongo la shambani lilibomoka baada ya mvua kubwa. Watu zaidi ya 40 walikufa, wakiwamo watoto wengi. Maji yaliwakuta majumbani.

Anza na utoro wa maji, ile njia ya pembeni inayopitisha maji ya ziada. Tuta la udongo halijengwi ili maji yapite juu yake. Yakipita, huchimba upande wa nyuma na kurudi yakilila tuta hadi limekatika. Kwa hiyo utoro ukiziba, tuta limehukumiwa. Palilia vichaka, ondoa magogo na udongo ulioporomoka, ng'oa bustani ya mchicha iliyopandwa humo, toa nyavu za samaki. Zaidi ya yote, toa viroba vya mchanga vilivyopangwa kuinua utoro ili maji mengi zaidi yabaki. Najua kwa nini watu huvipanga: wana kiu, na kuona maji yakienda bure kunauma. Lakini ile nafasi iliyoachwa kati ya sakafu ya utoro na mgongo wa tuta, ambayo kwenye malambo mengi inapaswa kufika walau mita moja, imewekwa kwa ajili ya gharika. Ukiijaza kwa akiba, usiku wa mvua kubwa utakuwa huna pa kuipitisha.

Kisha panda juu ya mgongo. Mifugo ikivuka mahali pamoja mwaka baada ya mwaka, huacha bonde dogo ambalo jicho halilioni, na maji yakipanda yatapita hapo kwanza. Mwiteni fundi mwashi na mpira wake wa maji, ule anaopimia usawa wa msingi wa nyumba, apime tuta kutoka mwanzo hadi mwisho. Palipozama pajazwe udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, ushindiliwe tabaka kwa tabaka. Udongo uliomwagwa tu hauna kazi.

Kwenye miteremko tafuta miti, vichuguu na mashimo ya wanyama. Mche mdogo ukatwe mapema. Mti mkubwa ni mtihani mwingine: mizizi yake ikioza huacha mifereji ndani ya tuta, kwa hiyo usiukate wala kuung'oa kabla mtaalamu hajauona. Nyufa nazo zina lugha yake. Ufa unaofuata urefu wa tuta huenda umeletwa na ukame, au ni dalili kwamba upande mmoja unateleza. Pigilia vijiti viwili, kimoja kila upande wa ufa, na pima umbali kati yake kila wiki. Unaokatisha tuta kutoka upande wa maji hadi nyuma usiusubirishe hata wiki moja, kwa sababu maji yatakapopanda yatakuta njia tayari.

Sasa shuka kwenye kitako cha tuta, upande mkavu. Hapa ndipo ninapomsihi kila mjumbe wa kamati ya maji akae muda mrefu. Ukiona matete mabichi au unyevu wakati kila kitu kimekauka, maji yanapenya. Karibu kila tuta la udongo huvuja kidogo, na uvujaji wenyewe haumaanishi kifo. Swali ni kama maji yanatoka na udongo. Kinga kwenye chupa inayoonyesha, iache usiku kucha, kisha asubuhi utazame chini kama pana mashapo. Pima pia ndoo inajaa kwa sekunde ngapi, andika pamoja na kina cha lambo siku hiyo. Ndoo ikianza kujaa haraka zaidi ilhali kina hakijaongezeka, kuna kinachoharibika ndani.

Maji yakigeuka ya matope, hesabu ni ya saa, si siku. Bwawa la Teton huko Idaho, Marekani, lilikuwa kubwa na limejengwa na wahandisi; tarehe 5 Juni 1976 maji ya matope yalionekana asubuhi, na kabla ya saa sita mchana lilikuwa limebomoka. Jambo hilo likiwatokea, ondoeni watu kwanza. Fungueni koki ya kutolea maji. Msizibe tundu kwa mfinyanzi, maana maji yatatafuta pengine pa kutokea. Lifunikeni kwa mchanga mkali, juu yake kokoto, kisha mawe, ili maji yapite na udongo ubaki. Na hilo lifanyike ikiwa tu mahali ni salama kusimama.

Hiyo koki ijaribiwe sasa, kwa kuifungua na kuifunga. Nyingi hushikwa na kutu, na ufunguo wake huwa kwa mtu aliyehama.

Tuta likihitaji ukarabati mkubwa, toeni taarifa kwa RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, ofisi ya wilaya, na kwa Bodi ya Maji ya Bonde lenu. Tanzania ina mabonde 9 ya maji, na kila lambo limo katika mojawapo.

Linabaki suala la wanaoishi chini ya lambo. Fuateni mkondo kwa miguu, mwandike kila kaya, nani ana mgonjwa, nani ana simu inayowaka usiku. Kubalianeni ishara moja, iwe kengele ya shule au kipaza sauti cha msikiti, na kilima cha kukimbilia kinachofikika bila kuvuka mkondo. Wapangeni wawili wawili wa kukesha kwa zamu mvua zikizidi, wenye tochi na namba ya Zimamoto, 114. Majina yao yabandikwe ofisi ya kijiji kabla tone la kwanza halijaanguka.