Jinsi ya Kupanga Matembezi ya Siku Moja Katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha

Si ajabu kumkuta mtu aliyeishi Njiro au Sakina, jijini Arusha, kwa miaka ishirini, anayeutazama Mlima Meru kila asubuhi akipiga mswaki, ambaye hajawahi kukanyaga hifadhi iliyo upande wa pili wa mlima huo. Ukimwuliza sababu, atakwambia kwamba hifadhi ni za wageni na kwamba gharama hazishikiki. Ukweli ni kwamba raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kwa kiwango kilicho chini sana ya kile wanachotozwa wageni kutoka nje, na lango lenyewe liko yapata kilomita 30 tu kutoka katikati ya jiji. Unashika barabara ya Moshi, unakata kushoto Usa River kuelekea Ngarenanyuki, na muda si mrefu unafika lango la Ngongongare. Anayetoka Moshi naye hana sababu ya kulala njiani.

Kabla ya kufikiri juu ya wanyama, fikiri juu ya mawingu, kwa sababu ndiyo yanayoamua kama siku yako itakuwa nzuri au ya kawaida. Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, huwa wazi alfajiri na saa za mwanzo za asubuhi, kisha jua linapopanda ukungu huanza kukusanyika mabegani mwake, na mara nyingi kufikia saa nne au saa tano kilele kimekwisha kufunikwa. Kilimanjaro, unaoonekana upande wa mashariki kutoka kwenye maziwa ya Momela, una tabia hiyo hiyo, ingawa mara nyingine hujifunua tena jioni. Nasema haya kwa uchungu wa mtu aliyefundishwa na makosa. Safari yangu ya kwanza nilikodi gari aina ya Noah kwa mtu aliyeniahidi kufika saa kumi na mbili asubuhi, akafika saa tatu na nusu akiwa bado hajajaza mafuta, na tulipoingia hifadhini tuliona shina la mlima na kijivu tupu juu yake. Tangu siku hiyo, gari ninalokodi hulala nyumbani kwangu, au dereva hulipwa sehemu ndogo ya fedha na nyingine akifika kwa wakati. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Lenga kuwa pale saa moja.

Kuhusu msimu, Juni hadi Oktoba ni kiangazi na njia zake ni kavu, ila Juni na Julai baridi ya Arusha si ya mchezo, na kule juu huwa kali zaidi. Januari na Februari ni miezi mizuri kwa mtu anayetaka kuiona milima yote miwili. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, msitu hupendeza kuliko wakati mwingine wowote, lakini njia ya kupanda kreta ya Ngurdoto, yaani shimo kubwa la volkano iliyozimika, huwa ya utelezi, na gari la chini litakwama bila huruma.

Malipo yapangwe mapema, kwa kuwa malango ya hifadhi za taifa hayapokei fedha taslimu. Hulipwa kwa kadi, benki au simu baada ya kupewa namba ya malipo, na mtandao unaweza kusumbua wakati wowote, hivyo hakikisha simu ina salio la kutosha kabla ya kutoka nyumbani. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa, kwani asiyeweza kuthibitisha uraia anaweza kujikuta akihesabiwa kama mgeni. Gari nalo lina tozo yake, na kwa sababu hiyo watu sita wanaochangishana kwa gari moja hutumia fedha kidogo kwa kila mmoja kuliko wawili wanaojitanua. Viwango hubadilika, kwa hiyo viulize TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, wiki ileile unayokwenda badala ya kumwamini binamu aliyekwenda mwaka juzi.

Chakula kipikwe nyumbani. Pilau iliyofungwa kwenye hotipoti saa kumi na moja alfajiri bado huwa ya moto saa saba mchana, na chapati, mayai ya kuchemsha na ndizi havihitaji maelezo. Usibebe chochote katika mifuko ya plastiki, ambayo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Ongeza maji ya kutosha, sweta kwa kila mtoto, viatu vilivyofungwa na darubini, hata kama ni ya kuazima.

Ukishapita lango, kishawishi kikubwa ni kukimbilia kila kona. Hii si Serengeti, na simba hawakai humo, kwa hiyo anayekwenda kuwatafuta simba atarudi akilalamika bure. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1960 kwa ajili ya kreta ya Ngurdoto, Meru ukaongezwa mwaka 1967, na hazina yake ni kwamba ndani ya eneo dogo unapita uwanda wa nyasi, msitu mnene na maziwa ya magadi kabla ya chakula cha mchana. Anza na uwanda ulio karibu na lango, unaoitwa Serengeti Ndogo, ambako pundamilia, nyati na ngiri hulisha asubuhi, na twiga huvuka barabara kwa mwendo wa mtu asiyedaiwa.

Kisha panda Ngurdoto, na hapo msituni mwambie dereva azime injini. Mbega hawasikiki vizuri gari likinguruma. Utaona kwanza mkia mrefu mweupe ukining'inia kama pazia lililosahauliwa tawini, halafu bega jeusi, halafu uso wenye nywele nyeupe pembeni ukikutazama, na baada ya dakika chache utagundua kwamba mti mzima umejaa. Mbega hula majani zaidi na hukaa juu mitini, tofauti na nyani, ambao watakufuata hadi kwenye chapati zako. Ukingoni mwa kreta kuna vituo vya kutazamia, kikiwemo Mikindu, ambako utashuka garini na kuangalia chini kwenye bonde lenye upana wa takriban kilomita tatu, huku nyati wakionekana kama punje za pilipili manga. Kushuka ndani ya kreta hakuruhusiwi, na kwa kweli ndiyo maana wanyama wa chini wametulia vile.

Kutoka hapo teremka Momela. Maziwa haya yalikaa katika mabonde yaliyoachwa na tope na mawe yaliyoporomoka Meru maelfu ya miaka iliyopita, na maji yake ya magadi hayafanani kutoka ziwa hadi ziwa, jambo linalofanya rangi zake zitofautiane kwa sababu ya mwani, na ndege nao wachague ziwa lao. Heroe, ambao wengi huwaita flamingo, huhamahama, kwa hiyo usiwaahidi watoto idadi yoyote. Kula chakula katika eneo la mapumziko lililotengwa tu, madirisha ya gari yakiwa yamefungwa, na mfuniko wa hotipoti usiachwe wazi hata kwa dakika moja.

Mchana chagua jambo moja tu kati ya mawili: mtumbwi katika ziwa la Momela Ndogo, au matembezi ya miguu pamoja na askari wa hifadhi mwenye silaha kutoka lango la Momela hadi maporomoko ya Tululusia. Kuyabana yote mawili katika alasiri moja ni kuwachosha watu bure. Mimi huchagua miguu, kwa sababu kupita mita chache kutoka kwa twiga bila kioo katikati ni jambo ambalo gari haliwezi kukupa. Yote mawili hulipiwa nje ya kiingilio, hivyo yaulize asubuhi langoni, pamoja na umri wa watoto wanaoruhusiwa. Katika matembezi, kaa nyuma ya askari, zungumza kwa sauti ya chini, na akiinua mkono simama, hata kama wewe huoni kitu. Nyati aliyelala kichakani huonekana kwanza na mwenye uzoefu.

Anza kurudi saa kumi na nusu, kwani ni lazima uwe nje ya lango kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ukipita tena karibu na maziwa, geuka mashariki mara moja kabla hujaondoka: huo ndio wakati ambao Kilimanjaro huweza kuvua wingu lake.