Kufundisha hesabu fomu wani kwa bajeti ya nyumba: mimi nafanyaje

Walimu wenzangu wa hesabu, mada ya sehemu, asilimia na ile ya uwiano, faida na hasara pale kidato cha kwanza mimi siku hizi nazifundisha zote pamoja ndani ya projekti moja ya wiki nne, bajeti ya nyumba, na kitabu kinakuja nyuma kabisa. Nimeulizwa sana inbox nafanyaje na darasa la watoto sabini na kitu, naandika hapa nipumzike.

Kwanza nikutahadharishe na kosa langu la mwaka wa kwanza. Niliwaambia watoto kila mmoja alete bajeti ya kwao, baba anaingiza ngapi mama ngapi, tukae tupige hesabu. Jumatatu nusu ya darasa hawajaleta kitu, wengine wametunga mishahara ya ajabu, na kuna binti alileta karatasi imeandikwa jina lake tu basi. Siku ya pili yake mzazi mmoja akaja kuniuliza mwalimu unataka kujua hela zangu ili iweje, na kwa kweli sikuwa na jibu. Kwaiyo usiulize kipato cha nyumbani kwa mtoto, kamwe. Tunga familia. Darasa zima linashughulika na nyumba moja ambayo haipo, hamna wa kuona aibu, alafu utashangaa watoto wanavyoingiza ya kwao humo humo bila kulazimishwa.

Familia yangu iko hivi. Baba bodaboda, pikipiki sio yake, mama anakaanga maandazi, watoto watatu, wamepanga chumba na sebule. Bei usizitunge wewe. Ijumaa gawa makundi ya watu sita sita, kila kundi liende sokoni na dukani wikiendi lilete bei za vitu kumi, na kila bei iandikwe na kipimo chake. Hapo kwenye kipimo ndo pana utamu. Kundi moja litaleta nyanya fungu jero, lingine sado moja elfu nne, lingine kilo, na ubishi unaanza ipi rahisi. Usiwape jibu! Waulize sado ni lita ngapi (nne), debe lita ngapi (ishirini), kwaiyo sado ngapi zinajaza debe, na mafungu mangapi yanatoka kwenye sado moja. Hiyo ni uwiano tayari na hujaandika neno hilo ubaoni. Mwaka jana tulinunua fungu na sado kweli tukamwaga mezani tukahesabu nyanya moja moja, kijana mmoja akasema ticha hii ya chini imeoza, je nayo inahesabiwa? Tukatumia kipindi kizima kwenye hiyo nyanya, ukitoa zilizooza bei ya kila moja iliyobaki inapanda kwa asilimia ngapi. Swali zuri kuliko yote niliyoandaa mimi.

Wiki ya pili ni mapato. Wengi wanakosea hapa kwa kuandika mshahara 300,000 mwisho wa mwezi kama vile kila mtu ameajiriwa, wakati watoto wetu wengi hawajawahi kuona mshahara, wanaona hela ya siku. Baba anakusanya 22,000, hesabu ya bosi mwenye pikipiki 8,000, mafuta 6,000, kinabaki 8,000. Alafu mvua inanyesha. Amekusanya 9,000, mafuta 3,000, bosi hesabu yake iko pale pale 8,000, imebaki hasi 2,000. Mimi namba hasi nilikuwa naifundisha kwa mstari wa namba na kipimajoto, mtoto wa Dar ameiona wapi baridi ya chini ya sifuri jamani, lakini deni la bosi analijua. Wape siku sita, nne za jua mbili za mvua, watafute wastani. Kisha ili isiwe ngumu sana tukubaliane mwezi wenye siku 26 za jua, 208,000, na mama anabakiwa na 4,000 kwa siku, 104,000. Jumla 312,000.

Sasa matumizi. Kodi 80,000, chakula 6,500 kwa siku mara thelathini 195,000, mkaa 35,000, umeme 10,000, maji 8,000, nauli ya mtoto mmoja 200 kwenda 200 kurudi siku 22 ni 8,800. Waache wajumlishe wenyewe. Inakuja 336,800 na watu wanaanza kufuta wakidhani wamekosea, hawajakosea, nyumba inapungukiwa 24,800 kila mwezi. Nakuomba sana usirekebishe namba ili zitoshe. Bajeti inayotosha haimfundishi mtoto kitu, anajumlisha anafunga daftari. Ikipungua ndo darasa linaamka, punguza nyama, hapana punguza mkaa, mama aongeze maandazi, na kila anayependekeza lazima aje ubaoni aoneshe pengo linapungua kwa asilimia ngapi. Lugha hapo waache wagombane Kiswahili, maneno ya Kiingereza ya mtihani utayaweka ubaoni wakishajua wanachosema. Ukianza na Kiingereza utabaki unaongea peke yako na wale watatu wa mbele.

Umeme usiuache hivi hivi kama mstari mmoja wa 10,000, ni somo zima la asilimia limekaa kwenye simu ya mzazi. Waambie wanakili meseji ya LUKU, namba ya mita wasiiandike. Kwa mteja wa kawaida wa majumbani hesabu tuliyotumia ni hii: uniti moja shilingi 292, juu yake VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) 3, EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) 1, jumla 22. Kwaiyo 292 mara 1.22 unapata 356.24, na elfu kumi inatoa uniti 28 na chenji kidogo. Mtoto mmoja akanyoosha mkono, mbona sisi tarehe moja tulipata chini ya 24? Hapo ndo unaleta kodi ya jengo, 1,500 kila mwezi inakatwa humo humo, zinabaki 8,500, gawa kwa 356.24, uniti 23.86. Na usiponunua miezi miwili inakusubiri 3,000. Alafu kuna nyumba za matumizi madogo ambazo uniti moja ni shilingi 100, ukiweka hiyo asilimia 22 inakuwa 122, uniti 75 unazipata kwa 9,150, lakini ukivuka 75 ndani ya mwezi kila inayozidi ni 350 kabla ya makato. Wachore grafu ya gharama dhidi ya uniti. Ule mstari unavyopinda ghafla kwenye 75, wanauliza wenyewe kwanini, na mimi nakaa kwenye dawati la nyuma nakunywa maji. Bei zikibadilishwa chukua zilizopo kwenye meseji mpya, njia ni ile ile.

Maandazi ya mama ni kazi ya siku moja, wajue gharama na faida, sikawii hapo. Unga kilo mbili, sukari, mafuta, hamira, moto, tulipata 9,900, maandazi 75 kwa 200 ni 15,000, faida 5,100, asilimia 51.5 ya mtaji. Darasa likashangilia. Nikawauliza kwanini basi tumesema mama anabakiwa na 4,000. Kimya, kisha wakaanza: kuna yaliyolala, kuna anayokula mtoto, kuna yule jirani wa nitakulipa kesho.

Wiki ya nne leta balaa. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo kama kawaida yao, 480,000. Makundi yachague njia. Kuweka kidogo kidogo wiki 26, ni 18,461 na kitu kila wiki, kutoka kwenye nyumba inayopungukiwa. Mchezo (upatu) wa kina mama kumi na wawili wa elfu kumi kwa wiki, unapokea 120,000, lakini swali ni unapokea wiki ya ngapi, na hapo kuna hesabu nzuri ya nani anamkopesha nani. Au kausha damu, ile mikopo ya haraka ya riba kubwa. Kausha damu wataichagua wengi mwanzoni kwa sababu hela inatoka leo leo. Tuliweka mkopo 200,000, marejesho 9,000 kila siku kwa siku 30. Wanapiga, 270,000, riba 70,000, asilimia 35 kwa mwezi mmoja. Waache kidogo. Kwenye darasa langu ilichukua kama dakika kumi mpaka binti wa dirishani akasema, ticha baba si anabaki na 8,000 kwa siku? Akarudia kwa sauti, anabaki na nane, anadaiwa tisa, na hajala.

Kusahihisha sasa, maana najua mtaniuliza. Kundi linaleta karatasi moja ya manila yenye bajeti mbili, ya kwanza iliyopungua na ya pili waliyoipanga upya, natoa alama 20: kumi kwa hesabu zenyewe, kumi kwa maelezo ya kila walichobadilisha. Siku ya kuwasilisha namchagua mimi wa kuongea, sio wao, la sivyo ni yule yule mmoja kila siku na wengine watano wamebeba manila. Kila mtu pia anafanya swali moja peke yake daftarini kwa namba tofauti, mfano baba amepata pikipiki ya mkataba 10,000 kwa siku, itakuwa yake baada ya mwaka, je akubali? Hilo swali halina jibu moja, na nimeona watoto wa 15 ya mia kwenye majaribio wakiandika kurasa mbili.

Vifaa ni manila, maka pen, na hela ya nyanya. Ukikosa mzani wa kupimia, muombe mama wa genge la karibu na shule, mpe shikamoo yake mwambie ni kazi ya watoto, wa kwetu alikuja nao mwenyewe mpaka darasani na akamsahihisha mtoto aliyesema sado na kilo ni kitu kimoja.