Kusafirisha Nje Mitambo Iliyoingia kwa Nafuu ya Ushuru

Mashine iliyoingia kwa nafuu ya ushuru ina masharti mgongoni, na masharti hayo hayaishi eti kwa kuwa mwenye mali ameamua kuiondoa nchini. Katika kazi yangu ya uwakala wa forodha, migogoro mingi ya namna hii huanza pale mtu anapopakia kwanza, akauliza baadaye.

Hatua ya 1. Fungua faili la siku mashine ilipoingia. Tafuta tamko la uingizaji na barua ya msamaha, usome iliingia kwa utaratibu gani. Hapa ndipo kila kitu kinapoamuliwa.

Kama iliingia kwa muda, kutoka ndiko kutimiza sharti, mradi muda haujapita. Kama msamaha ulikuwa wa sehemu, ujue ulichokwisha kudaiwa hakirudi: Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hutoza asilimia 3 ya ushuru kamili kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi.

Kama ilisamehewa kwa ajili ya mradi au kiwanda fulani, omba idhini ya maandishi kwa mamlaka iliyotoa msamaha kabla mashine haijang'olewa mahali pake.

Kama ilipunguziwa ushuru kwa ahadi ya kuuza bidhaa nje, hesabu ahadi hiyo imefikia wapi. Mpango wa EPCG wa India, unaopunguza ushuru wa mitambo ya kuzalishia bidhaa za kuuza nje, hudai mauzo ya nje yenye thamani mara 6 ya ushuru uliookolewa, ndani ya miaka 6. Ukiondoa mashine mapema, usidhani deni limeondoka nayo.

Hatua ya 2. Nenda kwenye mashine yenyewe, usitegemee picha za zamani. Soma kibao cha kiwandani herufi kwa herufi: modeli, namba ya mashine, mwaka. Linganisha na tamko la uingizaji. Mara nyingi kibao kimepakwa rangi, au injini ilibadilishwa wakati wa matengenezo na namba yake haimo popote kwenye nyaraka. Afisa akikuta namba tofauti, kwake hiyo ni mashine nyingine, na ile iliyosamehewa bado iko nchini. Kwa hiyo ambatisha ankara ya injini mpya na ripoti ya fundi tangu mwanzo.

Hatua ya 3. Omba ukaguzi kabla ya kupakia.

Hatua ya 4. Jaza tamko la kusafirisha tena nje, si la mauzo ya nje ya kawaida, na uandike namba ya tamko la uingizaji. Bila namba hiyo, mfumo wa forodha hauwezi kufunga rekodi ya uingizaji. Thamani iwe ya sasa, yenye ushahidi.

Hatua ya 5. Kama kuna ushuru uliolipwa, uliza kama unarejeshwa. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Forodha ya India ya 1962 huruhusu kurejeshewa hadi asilimia 98 kwa bidhaa inayotoka ndani ya miaka 2; ikiwa imetumika, kiasi hushuka kadiri ya muda wa matumizi.

Hatua ya 6. Chukua uthibitisho wa forodha kwamba mzigo umevuka mpaka. Hati ya meli peke yake haitoshi. Upeleke kwenye kitengo cha forodha kinachoshika dhamana, yaani ahadi ya malipo iliyowekwa kwa ajili ya ushuru uliosamehewa, na usiache kufuatilia mpaka upate barua ya kufutwa kwa dhamana.