Somo: Mfuko wa kaki wa kubebea kilo moja

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, kaki imejaa madukani. Tatizo ni kitako: mfuko wa haraka haraka unaachia njiani, mchele wote chini. Huu wetu tutaukazia hapo hapo.

Anza na gundi. Kipimo kimoja cha unga wa ngano, vinne vya maji. Koroga unga na maji baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo ubandike motoni, mkono usiache mwiko. Ikiwa nzito na kuanza kung'aa, epua. Matone machache ya siki huchelewesha ukungu. Gundi ya dukani nayo inafaa, lakini ya nini kuinunua na unga wa chapati upo?

1. Kata kaki sm 40 kwa sm 30, ulaze upande mrefu mbele yako.

2. Kutoka kushoto pima 13, 6, 13, 6, upige mistari. Sm 2 zinazobaki ni ulimi wa kubandikia.

3. Kunja kila mstari, pitisha mgongo wa kijiko juu yake. Paka ulimi gundi, unganisha. Mbavu za sm 6 zikunje katikati ziingie ndani.

4. Sasa kitako, na hapa usiwe na haraka. Pima sm 5 kutoka chini, ukunje na kukunjua ili alama ibaki. Fungua mdomo huo wa chini, laza mbavu mbili kwanza, kisha upande wa mbele, mwisho wa nyuma juu yake. Gundi ipite kati ya kila tabaka. Ndani weka kipande cha boksi, sm 12.5 kwa 5.5. Simamisha mfuko, tia kopo lenye mchele likandamize hadi asubuhi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Gazeti je, siwezi kutumia?*
Marahaba. Kwa vitunguu na viazi tumia, karatasi mbili pamoja. Maandazi na sambusa hapana: mafuta huvuta wino ukaingia kwenye chakula.

*Nataka wa robo ya sukari.*
Chukua A4, upande mrefu mbele yako. Pima 10, 4, 10, 4; ulimi utakuwa sm 1.7. Kitako sm 3.5.

*Dagaa wabichi na nyama, dada?*
Nenda na bakuli lenye mfuniko. Kaki ikilowa haina ujanja.

*Mifuko yangu imetobolewa na mende.*
Wanafuata unga wa gundi. Ikaushe kabisa, uihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Iliyotoboka usitupe: tia parachichi gumu pamoja na ndizi mbivu, ukunje mdomo. Hewa ya ndizi huliivisha mapema.